Kimeta, chambavu, enterotoksimia au pepopunda: una hela ya chanjo moja, uchukue ipi?

Wafugaji wa Dodoma, Singida na huku kote kwenye ukame, kila mvua zikikaribia swali linakuwa lilelile: nina hela ya chanjo moja, nikijibana sana mbili, sa ninunue ipi kati ya kimeta, chambavu, ile ya mbuzi wanaokufa ghafla usiku (enterotoksimia) na hii ya pepopunda? Majibu yanayotembea dukani mengi ni ya kutishana tu, yaani ugonjwa uliosimuliwa vibaya zaidi wiki hiyo ndo chanjo yake inaisha kwenye friji. Mi nalinganisha kivingine kidogo. Nauliza silaha ya huyo bakteria imeandikwa wapi kwenye vinasaba vyake na inabadilikabadilika kiasi gani, maana hapo ndo unajua kama chupa moja ya chanjo itakufaa popote ulipo na miaka yote, au kama inabidi usome boksi kwa makini kabla hujatoa hela.

Wote wanne wanakaa kwenye udongo. Wote wana tabia ya kutengeneza spora, ile hali ya kujikunja na kulala bila kula bila kunywa mpaka mazingira yawe mazuri, ndo maana huwezi kuwafukuza kwa kupulizia dawa zizi wala kwa kuhama boma msimu mmoja. Zaidi ya hapo hawafanani sana, na tofauti yao ndo inaamua hela yako iende wapi.

Kwanza niondoe kitu kimoja kinachochanganya watu wengi. Mzee mmoja wa kutoka Bahi alisimama kaunta na chupa mbili mkononi, moja imeandikwa inakinga magonjwa manane, nyingine moja tu, akasema, "Bwana mifugo, hii ni nane na hii ni moja, bei haziachani sana, si nichukue ya nane nimalize kazi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo moja haimo kwenye hizo nane." Akaigeuza chupa akasoma tena, akavua miwani, akavaa, kimeta hakipo. Na ndivyo ilivyo, zile chanjo za mchanganyiko wa saba au nane zinahusu ukoo wa klostridia: chambavu, pepopunda, perfringensi (huyu ndo wa enterotoksimia) na ndugu zao. Kimeta kinaletwa na basila, ukoo mwingine kabisa, na chanjo yake ni ya kuishi wakati hizo nyingine ni za kuuliwa. Kwa hiyo mtu akikwambia nimechanja ya nane nimekaa salama, muulize kimeta kakiacha wapi.

KIMETA

Huyu anaitwa Bacillus anthracis na kwa upande wa vinasaba ni mtulivu ajabu. Mwili wake una kromosomu, ule mwandiko mkuu wa vinasaba, ya herufi za DNA kama milioni 5.2, lakini silaha zenyewe hazipo huko, zipo kwenye plasmidi mbili, vipete vya DNA vinavyokaa pembeni. Plasmidi ni kama laini ya simu, ukiitoa simu inabaki simu na inawaka, ila huduma fulani hupati tena. Ya kwanza inaitwa pXO1, imebeba jeni tatu za sumu: moja inatengeneza protini inayofungua njia ya kuingia kwenye seli, ya pili inaua, ya tatu inavimbisha. Hizo mbili za mwisho peke yake hazifanyi kitu, lazima ile ya kufungua njia iwepo. Plasmidi ya pili, pXO2, inabeba jeni za ganda linalomficha bakteria ili chembe nyeupe za damu zisimmeze. Akiwa na zote mbili anaangusha dume zima kwa siku moja mbili, akikosa mojawapo makali yanapungua sana.

Hapo ndipo chanjo ilipotokea. Pasteur mwaka 1881 huko Ufaransa alimdhoofisha bakteria kwa kumkuza kwenye joto la nyuzi 42 hadi 43, akachanja kondoo hadharani na ikafanya kazi, ila hiyo chanjo haikuwa ya kutulia, kuna chupa zilikuwa kali zinaua na kuna chupa zilikuwa hazikingi. Halafu mwaka 1937 daktari wa mifugo Max Sterne, akiwa kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo ya Onderstepoort Afrika Kusini, akapata aina iliyopoteza ganda, wanaiita 34F2. Miaka ile hakuna aliyekuwa anajua habari za plasmidi, baadaye sana ndo ikaeleweka kwamba ile aina imepoteza pXO2 nzima na imebaki na pXO1. Maana yake inatengeneza sumu kidogo ya kumfundisha mnyama kinga lakini haiwezi kujificha, mwili unaimaliza. Na kwa sababu imepoteza plasmidi nzima, sio kwamba herufi mbili tatu zimeharibika, haiwezi kujirekebisha yenyewe ikarudi kuwa kali. Hiyo ndo chanjo ya kimeta inayotumika karibu dunia nzima mpaka leo, inakaribia miaka tisini.

Sa swali la muhimu, bakteria wa porini hajabadilika tu miaka yote hiyo akaikwepa? Mwaka 1999 watafiti walichukua aina 26 za kimeta kutoka sehemu tofauti za dunia wakasoma ile jeni ya protini inayofungua njia, ambayo ndo kinga inailenga, jeni ya herufi kama 2,300 hivi, na tofauti walizokuta ni herufi tano tu. Tano! Sababu yenyewe ni hayo maisha yake, miongo mizima amelala kwenye udongo kama spora, hazaliani, na asiyezaliana hana nafasi ya kukosea kunakili vinasaba. Anazaliana siku chache tu akiwa ndani ya mnyama, afu anarudi kulala. Kwa mnunuzi hii ni habari njema kabisa, hakuna haja ya kuhangaika kutafuta chanjo ya kimeta ya nje eti ni kali zaidi, shabaha ni ileile.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo halibadilishi uamuzi wako lakini linafaa kujulikana. Kwenye msitu wa Taï kule Kodivaa sokwe walikufa na kitu kilichofanana kimeta, walipopima wakakuta ni ndugu yake anaitwa Bacillus cereus, bakteria wa udongo wa kawaida tu, ila kabeba plasmidi zote mbili za aina ya kimeta. Ameonekana misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Yaani mwenye mwili anaweza kubadilika wakati silaha ni zilezile, ndo maana nasisitiza tuangalie silaha.

Udhaifu wa kimeta kama chaguo uko kwenye namna ya kuchanja, na hapa watu wengi wanapoteza hela. Chanjo ni ya kuishi. Ukimpiga ng'ombe chanjo leo na jana yake ulimpiga penisilini au oksitetra, dawa za kuua bakteria, kwa sababu alikuwa anakohoa, umeua chanjo kabla haijafanya kazi, na utakuja kusema chanjo ni feki. Pia mbuzi wengine wanavimba sana pale palipochomwa na wachache wanaweza kupata shida kubwa zaidi, kwa hiyo kama una mbuzi wengi anza na wachache uwaangalie, na wenye mimba kubwa waache mpaka bwana mifugo aseme. Kinga inahitaji wiki moja na zaidi kidogo kujengeka, inarudiwa kila mwaka.

Ila kinachoiweka kimeta juu kwenye orodha yangu ni binadamu. Ugonjwa huu unaua mfugaji na familia yake. Dalili za mzoga wa kimeta ni tumbo kujaa haraka, damu nyeusi isiyoganda kutoka puani, mdomoni au nyuma, na mwili kutokakamaa vizuri. Ukiona hivo usichune, usipasue kuangalia ini, usigawe kibudu kwa majirani hata kama njaa ni kali. Ukipasua unampa bakteria hewa, na akipata hewa ndo anatengeneza spora na kumwaga kwenye malisho yako. Uingereza waliwahi kujaribia kimeta kama silaha kwenye kisiwa cha Gruinard huko Scotland mwaka 1942, kisiwa kikafungwa, kikaja kusafishwa kwa formalini mwaka 1986 na kutangazwa salama mwaka 1990. Sisi pa kupata formalini ya kumwagia mbuga nzima hatuna. Mzoga unachomwa au unazikwa mzima kwa kina kirefu, mita mbili, na taarifa inapelekwa kwa ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Kidonda cheusi kwenye mkono au shingo ambacho hakiumi baada ya kushika nyama au ngozi ya mzoga, hospitali moja kwa moja, kinatibika kikiwahiwa.

CHAMBAVU

Clostridium chauvoei. Huyu anawachagua walio wazuri, mitamba na vidume vya kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili, tena walionenepa baada ya mvua. Asubuhi unamkuta anachechemea, paja au bega limevimba, ukibonyeza ngozi inatoa mlio wa kukwaruza kwa ndani kwa sababu ya gesi chini yake, kabla ya jua la pili kuzama kashakufa. Ukikata msuli umekuwa mweusi na una harufu kama ya siagi iliyochacha (na usikate, kwa sababu kabla hujapima huwezi kuapa kwamba sio kimeta).

Kwa upande wa vinasaba ni tofauti na kimeta kwa kitu kimoja: silaha zake kubwa zipo kwenye kromosomu yenyewe, sio kwenye plasmidi. Sumu kuu ilitambuliwa vizuri mwaka 2012 na watafiti wa Bern, Uswisi, wakaiita CctA, inatoboa seli za damu na za msuli. Kuna na vimeng'enya vingine vinavyoyeyusha ile gundi inayoshikilia nyama ili bakteria apite, na kuna mikia ya kuogelea ambayo nayo inaamsha kinga. Mwaka 2017 ikatoka kazi ya kulinganisha vinasaba vizima vya chambavu kutoka mabara manne, za zamani na za karibuni, na wakakuta zinafanana mno mpaka wakasema huyu bakteria amefika mwisho wa njia, habadiliki tena. Jeni ya CctA ni ileile kila mahali.

Kwa hiyo kwa uthabiti, kimeta na chambavu wanalingana, na zote mbili chanjo yake ni salama kuiamini kwa miaka. Tofauti inakuja kwenye aina ya chanjo. Ya chambavu ni bakteria waliouliwa kwa formalini pamoja na sumu yao, kwa hiyo ukiwa umempa mnyama oksitetra wiki hiyo haina neno, hakuna cha kuua mle. Ila ina kichocheo cha alumini na hicho kikiganda barafu kinaharibika moja kwa moja. Nimeona chupa za chambavu zimewekwa kwenye friza la soda ili zisiharibike na joto, zimeganda kabisa, zikayeyushwa na zikachomwa, na wanyama wakafa mwezi uliofuata. Iwe baridi, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Chanjo ya kimeta kwa kuwa ni spora inavumilia zaidi kidogo ila nayo itunze hivohivo usijaribu bahati.

Watu wakisema chambavu imekataa chanjo, mimi nashuku mambo mawili kabla sijafikiria bakteria kubadilika: friji, na ndugu zake. Kuna Clostridium septicum, anaingia kupitia jeraha, sindano chafu, kuzaa kwa shida, na uvimbe wake unafanana sana na wa chambavu. Silaha yake ni nyingine, chanjo ya chambavu peke yake haimhusu. Huyo ndo sababu ya haki ya kununua mchanganyiko wa saba au nane, kama mizoga yako kila mara ina jeraha au mama katoka kuzaa.

Habari nzuri kwa mfuko ni kwamba hapa nyumbani kuna chanjo ya pamoja ya kimeta na chambavu, na Taasisi ya Chanjo ya Kibaha iliyo chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, inatengeneza chanjo za magonjwa haya. Kwa mwenye ng'ombe huku kwetu, uamuzi unaishia hapa. Ukiipata hiyo ya pamoja umeua wawili wasiobadilika kwa kazi moja ya kukamata ng'ombe, na kukamata zebu mia kwenye zizi la miiba sio kazi ndogo. Ila kumbuka, ya pamoja ina upande wa kimeta unaoishi, kwa hiyo masharti ya oksitetra na penisilini yanarudi.

ENTEROTOKSIMIA YA MBUZI NA KONDOO

Hapa ndo kazi ipo. Clostridium perfringens ni kinyume cha wale wawili wa juu, huyu vinasaba vyake havitulii. Yupo kwenye udongo, yupo kwenye utumbo wa karibu kila mnyama mzima, na wengi wao hawadhuru mtu. Wanasayansi wamemgawa makundi saba, A mpaka G, mgawanyo mpya ni wa mwaka 2018, na hawagawi kwa sura wala kwa mnyama anayekaa ndani yake, wanagawa kwa sumu alizobeba. Wote wana sumu ya alfa, jeni yake iko kwenye kromosomu haiendi popote. Ila sumu zinazotofautisha makundi nyingi zipo kwenye plasmidi, na plasmidi hizo nyingi zina vifaa vyake vya kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Aina A ana alfa pekee katika zile kuu, aina C ana alfa na beta, aina D ana alfa na epsiloni, aina B anazo zote tatu, E ana ayota, F ana ile ya kuhara ya watu waliokula chakula kilicholala, G ndo wa kuku, ana sumu inaitwa NetB inayochubua utumbo.

Uone maana yake. Aina D akipoteza plasmidi yake ya epsiloni, hata ndani ya maabara tu anapokuzwa, kesho anapimwa anaitwa aina A. Na A aliyekaa kimya kwenye utumbo akipokea plasmidi ya jirani, anaingia kundi jingine. Kwa hiyo swali la "una chanjo ya perfringensi?" halijakamilika, inabidi uulize chanjo ina sumu ipi. Na usidanganyike na jina la bakteria kuandikwa kubwa mbele ya boksi, geuza nyuma usome: kwa mbuzi na kondoo unatafuta aina D, au neno epsiloni. Kama ina C na D ni nzuri zaidi, C inasaidia watoto wachanga wanaoharisha damu. Chanjo yenye alfa peke yake kwa tatizo la mbuzi wetu ni kupoteza hela.

Mbona nasema D? Kwa sababu ya namna vifo vinavyokuja. Baada ya mavuno ya mtama na uwele wanyama wanaachiwa mashambani wakaokote masuke, au mtoto wa mbuzi ananyonya maziwa mengi, wanga unapita tumboni haujasagwa vizuri unafika utumbo mwembamba, na bakteria waliokuwa wachache wanalipuka kwa wingi. Sumu ya epsiloni inatoka ikiwa bado haina makali, afu kimeng'enya cha kawaida cha utumbo cha kusaga protini kinaikata kipande, hapo ndo inakuwa kali, inapita kwenye damu mpaka ubongo na figo. Anayekufa ni yule mnene kuliko wote. Kwa kondoo figo zinakuwa laini kama zimeoza wakati mwili bado mbichi, kwa mbuzi unaweza kuona kuhara na maumivu ya tumbo zaidi.

Sa ukweli mchungu wa upande wa chanjo: mbuzi hawajengi kinga nzuri kama kondoo. Kondoo ukimpa dozi mbili kwa nafasi ya wiki nne hadi sita na kurudia kila mwaka anaenda vizuri. Mbuzi kinga inashuka haraka, wataalamu wengi wanashauri kurudia kila miezi mitatu hadi sita. Piga hesabu kwa mbuzi sitini, ni chanjo ghali. Mi kwa mfugaji wa mfuko mdogo ningesema kabla hujanunua, jaribu kwanza kilicho bure: usiwaachie masukeni siku nzima siku ya kwanza, wape saa moja, kesho mbili, wakiwa wameshakula majani makavu asubuhi. Inapunguza vifo hata bila sindano. Halafu ukishaona bado wanakufa, peleka mzoga mbichi au, kama hauna dalili za kimeta nilizotaja juu, utumbo uliofungwa vizuri kwenye barafu maabara ya TVLA kanda ya kati hapa Dodoma uulize kuhusu kupima sumu, ndo ununue chanjo ukijua unapigana na nani. Kwa kimeta na chambavu nisingekwambia usubiri maabara ndo uchanje. Kwa huyu nasema.

PEPOPUNDA

Nitapita haraka maana hapa hakuna utata. Clostridium tetani, jeni ya sumu ipo kwenye plasmidi, kwenye aina ya E88 iliyosomwa vinasaba vyote mwaka 2003 plasmidi hiyo ina herufi kama 74,000. Asiye na plasmidi hana sumu hiyo, haleti pepopunda. Lakini tofauti na perfringensi, huyu sumu yake inayoleta ugonjwa ni moja tu na jeni yake karibu haitofautiani kutoka aina moja hadi nyingine, kwa hiyo chanjo ya sumu iliyozimwa kwa formalini, wazo la miaka ya 1920, bado inafanya kazi vilevile kwa watu na kwa wanyama.

Nani achanjwe? Punda. Jamii ya farasi ndo wanaoathirika zaidi, ng'ombe ni mgumu kiasi, mbuzi na kondoo wako katikati. Na huku kwetu punda ndo anabeba maji, ana vidonda vya kamba mgongoni mwaka mzima, kwato zinachomwa na miiba, na bado ni mnyama ambaye hakuna anayemkumbuka siku ya chanjo. Dozi mbili kwa nafasi ya wiki nne hadi sita, kisha ya kurudia. Kwa mbuzi hatari inapanda siku ya kuhasi, hasa kwa ile pete ya mpira, nyama inakufa taratibu bila hewa na hapo ndo bakteria anapopenda. Bardizo, lile koleo la kuhasi bila kukata ngozi, ikitumika vizuri haiachi jeraha wazi, mi naipenda zaidi. Kama unatumia mpira, chanja kabla, usingoje mtoto wa mbuzi asimame kama mbao ndo uulize dawa.

UKINIBANA NICHAGUE

Mwenye ng'ombe zaidi ya kitu kingine: kimeta na chambavu ya pamoja, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla mvua za Desemba hazijaanza na kabla ndama hawajanenepa. Ukipata hela ya moja tu na hapo kijijini kuna historia ya vifo vya kimeta au mizoga iliyozikwa ovyo, kimeta kwanza kwa sababu ya watu. Kama hakuna historia hiyo na kila mwaka unapoteza mitamba wanaochechemea, chambavu kwanza, na hapo sikubishii.

Mwenye mbuzi na kondoo watupu, hapa watu wa dukani watanichukia. Ukiwa kwenye eneo la kimeta, kimeta. La sivyo usikimbilie boksi la nane, ni mchanganyiko mzuri ila unalipia magonjwa ambayo pengine huna, na kwa mbuzi unalipia mara mbili mpaka nne kwa mwaka. Rekebisha malisho, pima, kisha nunua yenye D na pepopunda pamoja, zipo za aina hiyo ambazo ni ndogo na bei rahisi kuliko za nane.

Mwenye punda, pepopunda, hata kama ni punda mmoja.

Na kuna kitu kinachanganya wengi tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo ilipozinduliwa mwaka 2025, ng'ombe wamevalishwa hereni na watu wanadhani sasa wamekingwa kila kitu. Ile ya ng'ombe ni ya homa ya mapafu na ya mbuzi na kondoo ni ya sotoka yao, mambo mengine kabisa, hakuna bakteria hata mmoja wa udongo humo. Hereni ipo sikioni na kimeta kinaweza kumuua kesho.

Mwisho ni suala la chupa. Nyingi zina dozi nyingi kuliko ng'ombe wa mtu mmoja, na ikishafunguliwa inatakiwa iishe siku hiyohiyo, hasa ile inayoishi, sio kuifunika na plasta ukairudisha kwenye kuliboksi mpaka wiki ijayo. Kwa hiyo ongea na wenzako watatu wanne mnaotumia josho moja, hesabuni wanyama kabla ya kwenda dukani, mchange, mmoja abebe kuliboksi lenye barafu iliyofungwa kwenye kitambaa isigusane na chupa, na muanze alfajiri jua halijawa kali. Sindano mbadilishe mara kwa mara. Na yule mwenye ng'ombe aliyepigwa oksitetra juzi aseme ukweli, ng'ombe huyo asubiri zamu nyingine.